Bunduki ya Kijapani ya babu aliyekuwa keya (Tabora): ni aina gani, na ina thamani?

Kijana_wa_Isevya (Tabora)

Wakuu, habari za humu. Tuko kwenye mirathi ya marehemu babu hapa Isevya. Darini imekutwa bunduki ya zamani pamoja na singe yake (kisu cha kuchomeka mbele ya mtutu) ndani ya ala. Ukoo unasema alirudi nayo kutoka Burma alipokuwa askari wa keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki). Fundi wa baiskeli anasema ni ya Mjerumani, jirani anashikilia ni ya Mbelgiji.

Juu ya chuma, nyuma kidogo ya mtutu, kuna ua lenye petali nyingi na chini yake herufi tatu kama za Kichina zimepangwa wima. Upande wa kushoto kuna kiduara kidogo chenye vistari viwili, kisha namba, kisha alama nyingine. Kwenye mbao ya kitako kuna ufa ulionyooka kutoka nyuma kwenda mbele.

Naomba kujua: ni aina gani, alama hizo zinasemaje, ufa tuuzibe kwa nini, na kama ina bei au ni chuma chakavu tu.

---

Bomani

Pole na msiba. Kabla ya hayo yote: bunduki kuwa ya zamani hakuondoi haja ya kibali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ipo, na silaha ya marehemu isiyo na karatasi inakuwa mzigo wa yule anayekaa nayo. Msiibebe mgongoni kwenye bodaboda kuipeleka kituoni. Mtu mmoja wa ukoo aende na mwenyekiti wa mtaa kutoa taarifa kwa mkuu wa kituo, aeleze ilikokutwa, polisi ndio waamue ifuatwe au iletwe. Siku ya kuikabidhi ombeni hati yenye namba ya bunduki, tarehe na jina la aliyepokea. Bila hati hiyo, miaka miwili mbele hakuna atakayejua ilikwenda wapi.

Na kama zipo risasi, msizitikise wala kuzisugua. Ziacheni zilipo, waambieni polisi.

---

MpimaVyuma

Bomani amesema la kwanza. La pili: kabla hujaitazama alama yoyote, hakikisha haina risasi. Mdomo wa mtutu uelekee chini kwenye udongo, kidole mbali na kifyatulio. Inua mkono wa bolti (chuma cha kuvuta kinachofunga nyuma ya mtutu), vuta nyuma mpaka mwisho, mulika tochi ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, na ndani ya magazini. Ikigoma kwa kutu, usiigonge nyundo. Iache, waite wenye kazi yao.

Sasa utambuzi. Mkoa wenu una haki ya kubishana. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 na Wajerumani walikuwa wameikalia miaka mingi, kwa hiyo chuma kizee kinachofukuliwa huko mara nyingi ni Mauser ya upande mmojawapo, au gobore tu. Ila kuzitenganisha na ya Kijapani ni kazi ya dakika moja. Tazama nyuma ya bolti. Mauser ina kibawa kidogo cha usalama kinachogeuzwa kushoto na kulia. Ya Kijapani haina kibawa, ina kifundo kikubwa cha mviringo kinachoziba nyuma yote ya bolti. Ukitaka kuweka usalama unakisukuma mbele kwa kiganja na kukizungusha kidogo kulia. Mauser ya Kibelgiji ya 1889 ina jambo lingine: mtutu wake umevikwa bomba jembamba la bati kwa nje, na magazini imechomoza chini mbele ya kifyatulio. Ya Kijerumani ya 98 imeandikwa jina lake ubavuni na juu ina taji. Ua halimo kwa wote wawili.

Ua lenye petali 16 ni krisanthemu, nembo ya mfalme wa Japani. Ukiliona, uko kwenye ukoo wa Arisaka, bunduki zilizopewa jina la afisa Arisaka Nariakira aliyesimamia ile ya mwaka 1897. Zile mtakazokutana nazo kutoka Burma ni mbili hasa:

Aina ya 38, ya 1905. Risasi yake ni ya milimita 6.5. Ndefu sana, karibu sentimita 128 bila singe. Ipo karabini yake fupi, kama sentimita 97.

Aina ya 99, ya 1939. Risasi milimita 7.7. Ile fupi, ndiyo ya kawaida, ni sentimita 112 hivi.

Usipime kwa macho, pima kwa futi ya fundi cherehani, kutoka mdomo wa mtutu hadi bamba la kitako. Halafu hesabu matundu madogo ya kupumulia gesi juu ya pete ya chuma pale penye ua: Aina ya 38 ina mawili, Aina ya 99 ina moja. Hilo linasaidia hata kama mtutu umekatwa.

Herufi zinasomwa juu kwenda chini. Ya 38: ya kwanza ni mistari mitatu ya kulala, ya pili ni mistari miwili inayoachana kwenda chini, ya tatu ni ile ngumu inayomaanisha aina. Ya 99: mbili za mwanzo zinafanana kabisa. Hapa wengi wanateleza, maana karabini ya wapanda farasi, Aina ya 44, nayo ina mbili zinazofanana. Tofauti ni kwamba herufi ya 44 imefungwa ndani ya kisanduku, na bunduki yenyewe ina singe ya kukunja iliyofungwa moja kwa moja chini ya mtutu.

Leta vipimo, idadi ya matundu, na picha ya ubavu wa kushoto. Mulika tochi kutoka pembeni, si kwa mbele, ndipo maandishi yatakapojitokeza kwenye kutu. Namba usiiweke yote hadharani, ficha tarakimu mbili za kati.

---

Dogo_Kanyenye

Piga msasa namba 120 mbao yote, paka vanishi mbili, chuma safisha kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Itang'aa na bei itapanda.

---

FundiMbao_Ujiji (Kigoma)

Dogo, hapo umeua nusu ya thamani yake kabla ya chai. Usifanye lolote kati ya hayo.

Kwanza huo "ufa". Kitako cha Arisaka kilitengenezwa kiwandani kwa vipande viwili vya mbao. Kipande cha chini kimeungwa kwa ulimi kwenye kile cha juu na kutiwa gundi. Hivyo walitumia mbao nyembamba, na nyuzi za mbao zikakaa sawa kwenye ncha ya chini ya kitako, mahali ambapo kitako cha kipande kimoja hupasuka. Kwa hiyo ukiona mstari ulionyooka, unaanzia kwenye bamba la chuma la nyuma na upo pande zote mbili kwa kimo kilekile, huo ni muungo. Ufa wa kweli hupindapinda kufuata nyuzi na mara nyingi hauonekani upande wa pili.

Gundi ya zamani ikikauka muungo hulegea. Ukilegea, puliza vumbi kwa mdomo, ingiza gundi nyeupe ya mbao kwa kibanzi chembamba, funga kwa mpira wa tairi ya baiskeli uliokatwa mkanda, acha siku nzima. Gundi iliyomwagika ifute papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu. Msumari usiupige: utapasua ulimi wa ndani, na kutu ya msumari itatia doa jeusi lisilotoka.

Rangi ile ya kahawia inayong'aa kidogo ni utomvu wa mti wa urushi. Hairudi ukiitoa. Mbao ifute kwa kitambaa kikavu, kisha chenye unyevu mdogo sana, kisha kikavu tena. Moshi wa darini hauogopeshi, ila masizi yanashika unyevu, kwa hiyo yatoke kabla ya masika.

Kwenye chuma, kutu nyekundu ya juu itoke kwa mafuta mepesi ya cherehani. Paka, acha siku moja au mbili, kisha kwangua kwa kipande cha shaba chenye ukingo butu. Shaba ni laini kuliko chuma, inachukua kutu na kuacha rangi nyeusi ya kiwandani chini yake. Karibu na ua na namba usikwangue kabisa, futa tu. Brashi ya waya inakula kingo za herufi, na kingo zikishakuwa za mviringo mnunuzi anajua kilichotokea bila kuambiwa. Oili chafu ya gari isiguse mkanda wa ngozi.

Singe iondoe kwenye ala na uiweke kando. Ala ya zamani inanyonya unyevu na kuurudisha kwenye chuma.

---

Kijana_wa_Isevya

Asanteni sana wakuu. Taarifa imeshatolewa, polisi wamekuja kuiona, wameandika namba na wataichukua wiki hii. Nilipima mbele yao.

Urefu sentimita 112 na ushei. Tundu moja. Herufi mbili za juu zinafanana, hazina kisanduku. Ua ni zima, petali zinahesabika. Kwenye kiduara vistari viwili vimeinamiana juu bila kugusana, kama paa lisilofika kileleni. Namba inaishia 862. Alama ya mwisho ni duara lenye maumbo mawili yaliyopindana ndani. Kilengeo cha nyuma kina vibawa viwili vya kukunjua pembeni. Pete ya mtutu ina masikio ya kushikia kitu ila hakuna kitu. Mkono wa bolti umenyooka, kichwa chake kina umbo la yai. Bolti ina namba 417. Kifuniko cha vumbi hakipo. Ndani ya mtutu kumechafuka, ila sehemu zinang'aa kijivu.

---

MpimaVyuma

Kazi nzuri. Hiyo ni Aina ya 99 fupi, na naweza kukusomea ubavu wake.

Kiduara cha mwanzo ni alama ya mfululizo. Bunduki hizi zilihesabiwa kwa mafungu ya laki moja moja. Fungu likijaa, namba inaanza upya chini ya herufi nyingine. Herufi zinafuata mpangilio wa zamani wa Kijapani: i, ro, ha, ni, ho, he, to na kuendelea. Vistari viwili vinavyoachana ni "ha", ya tatu. Alama ya mwisho, maumbo mawili ndani ya duara, ni ya kiwanda cha Nagoya, na mifululizo ya mwanzo ilikuwa chini ya Nagoya, kwa hiyo vinakubaliana. Ingekuwa Kokura ungeona miduara minne iliyopandana, na herufi zake zinaanzia ya 20. Toyo Kogyo wa Hiroshima walianzia ya 30. Jinsen, huko Korea, ni ya 40. Ukikuta kiwanda na herufi havipatani, shuku.

Mwaka haukuandikwa kwenye bunduki hizi, unakadiriwa kwa mfululizo na sura ya vifaa. Yako ina dalili zote za mwanzo wa vita. Vibawa vya kilengeo viliwekwa kwa ajili ya kulenga ndege, jambo ambalo kwa askari wa miguu lilikuwa la kujipa moyo tu. Masikio kwenye pete yalishika mguu wa waya wa kusimamishia bunduki, nao mara nyingi umepotea. Kijivu kinachong'aa ndani ya mtutu ni kromu, Aina ya 99 za mwanzo zilipakwa kromu ndani, ndiyo maana mtutu wako haujaoza. Mambo haya yaliondolewa kimoja kimoja kadiri Japani ilivyoishiwa chuma na muda. Zile za 1945 zina kilengeo cha tundu lisilosogea, kichwa cha bolti cha mviringo kama kipande cha bomba, na bamba la kitako la mbao lililopigwa misumari.

Sasa ua. Baada ya Japani kusalimu amri 1945, maua kwenye bunduki zilizokabidhiwa kwa wingi yalikwanguliwa kwa tupa au mashine ili nembo ya mfalme isiingie mikononi mwa mshindi. Ua zima kwa kawaida linamaanisha bunduki ilichukuliwa vitani au iliponyoka zoezi hilo. Kwa hadithi ya babu hili ni la maana. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya keya vya Tanganyika, ilishuka bonde la Kabaw na kuvuka mto Chindwin huko Kalewa mwaka 1944, na ilikuwa imetolewa Burma kabla ya Japani kusalimu amri. Ua lingekuwa limekwanguliwa, hadithi ya kuiokota Kabaw ingekuwa na tobo. Kwa hali yake ilivyo, chuma hakipingani na hadithi. Hakijaithibitisha, hakijaipinga.

Tatizo lako ni bolti. Tarakimu tatu za mwisho za namba ya bunduki zilipigwa kwenye bolti na vipande vyake. Yako ingepaswa kuwa 862. Ya 417 ilitoka bunduki nyingine. Usichanganye hilo na vinamba vidogo vilivyopo kwenye pete na vyuma vya chini, hivyo ni vya mafundi wa kuunganishia na vinaweza kuwa tofauti na namba kuu bila tatizo.

Bolti ngeni si suala la bei peke yake. Nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi hupimwa kwa kila bunduki. Ikizidi, ganda hupasuka na gesi hurudi usoni kwa mpigaji. Kwa hiyo isije mtu akashawishika kuijaribu porini Urambo au Sikonge. Na nyingine zilipanuliwa chemba baada ya vita ili zipige risasi ya Kimarekani, alama yake ni mkato uliochongwa ukingo wa mbele wa mlango wa magazini. Hizo nazo si za kujaribia.

---

Mkutubi_Gungu (Kigoma)

Naongeza kuhusu bei na singe.

Soko kubwa la Arisaka liko Marekani, kwa sababu askari wao walirudi nazo kwa maelfu na sheria yao inawaruhusu kukaa nazo. Huko Aina ya 99 ya kawaida, yenye ua na namba zote zinazolingana, huuzwa kwa mamia ya dola, si maelfu. Ua lililokwanguliwa linaondoa sehemu kubwa ya bei hiyo, na bolti ngeni vilevile. Mbao iliyopigwa msasa au mtutu uliofupishwa ili iwe ya kuwindia, hiyo inabaki ya vipuri. Maelfu yanakuja kwenye zile za wadunguaji, zenye darubini na mkono wa bolti uliopindishwa chini, na zile za askari wa miamvuli, Aina ya 2, zinazogawanyika vipande viwili. Yako si hizo.

Vifaa vidogo ndivyo vinavyoinua bei: kifuniko cha vumbi, mguu wa waya, ufito wa kusafishia chini ya mtutu, mkanda wa asili. Kifuniko askari wengi walikitupa kwa sababu kinapiga kelele bolti ikivutwa. Ukikipata darini usikitupe pamoja na mabati.

Ila kwa mtu wa Tabora bei ya Marekani ni ya kusoma tu. Kutoa silaha nchini na kuiingiza kwingine kunataka vibali pande zote mbili, na gharama zinaimeza bei yote. Atakayekupigia akisema ana mnunuzi Dubai, tuma kwanza ya nyaraka, ni ndugu wa wale matapeli wa rupia ya Mjerumani na zebaki. Mkate simu.

Singe tuitazame peke yake. Bila shaka ni ya Aina ya 30, ndiyo iliyoingia kwenye 38 na 99 zote. Upanga wake una urefu wa sentimita 40. Tazama mkono wa chuma chini ya mpini: ukiwa na ndoano iliyopinda ni ya mapema, ukiwa umenyooka ni ya baadaye. Tazama pia kama upanga una mfereji ubavuni, za mwisho hazina. Alama ya kiwanda iko kwenye upanga karibu na mpini, namba iko kichwani mwa mpini. Namba hiyo haitalingana na ya bunduki na haikukusudiwa kulingana, kwa hiyo usihuzunike. Ala ya chuma ni ya kawaida, ya turubai lenye mpira au ya mbao ni ya miaka ya mwisho. Usiinoe. Singe iliyonolewa kwa ajili ya kuchinjia haina tena makali ya kiwandani na kila mtu anaona.

Kitu ambacho ningekitafuta zaidi ya vyote ni karatasi. Cheti cha babu cha kuachishwa jeshi, chenye namba yake ya keya na kikosi. Picha yoyote akiwa kwenye sare. Nishani: nyota ya Burma ina sura ya nyota ya ncha sita na utepe wa bluu iliyokolea, nyekundu na rangi ya chungwa. Nyota hizo Waingereza kwa kawaida hawakuziandika jina, kwa hiyo nishani peke yake haisemi ilikuwa ya nani. Cheti ndicho kinachosema. Bunduki, singe, nishani na cheti vya mtu mmoja vikikaa pamoja, makumbusho yatavitaka. Vikigawanywa kwa watoto wanne, kila mmoja anabaki na kitu kisicho na jina.

---

Bomani

Na hapo kwenye makumbusho: kama polisi wakikubali ihifadhiwe badala ya kuteketezwa, ombeni mapema, kwa barua ya ukoo iliyopitia kwa mwenyekiti na ofisi ya kata. Silaha zilizosalimishwa huwa zinateketezwa kwa pamoja, na mkichelewa haitarudi. Barua ieleze wazi kama mnatoa moja kwa moja au mnaazimisha, maana ni vitu viwili tofauti kisheria na wajukuu watakuja kuuliza. Nakala ibaki kwa msimamizi wa mirathi.

---

Kijana_wa_Isevya

Nimeelewa. Cheti kipo, kiko kwa shangazi Kiloleni, kimekunjwa mara nne na kimeanza kuachana kwenye mikunjo. Barua tunaiandika kesho. Je, cheti nikipeleke kwenye plastiki ya kubana kwa moto wanakofanyia vitambulisho?

---

Mkutubi_Gungu

Hapana, hiyo haitoki tena na joto linaimaliza karatasi. Kikunjue polepole, kiweke katikati ya karatasi mbili nyeupe safi, juu yake kitabu kizito kwa wiki moja. Selotepu usibandike, gundi yake inageuka njano na kula wino. Kipige picha pande zote mbili kwa mwanga wa dirishani, kisha kikae ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na ukuta unaotoa unyevu na mbali na mchwa. Hiyo picha ya cheti iambatanishe kwenye barua, pamoja na picha ya ua na ubavu wa kushoto.